Umri wa mwili, umri wa akili: watu wenye ulemavu wa ukuaji wapimwe kwa upi?

Katika vitengo vya elimu maalumu vilivyomo ndani ya shule za msingi nchini Tanzania, si ajabu kumkuta kijana wa miaka 18 ameketi dawati moja na mtoto wa miaka 9. Wote wawili wana ulemavu wa akili, wote wamevaa kaptula ya shule, na wote wanapaka rangi picha ya bata. Mtoto ana miaka mingi mbele yake. Kijana ameshaota ndevu, bata huyo alimpaka rangi tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka 9, na kitengo hakina darasa jingine la kumpeleka.

Nyumbani mambo huenda hivyo hivyo. Anaitwa mtoto, ananunuliwa fulana zenye picha za katuni, anasemeshwa kwa sauti ya kubembelezea wachanga. Mgeni akitaka kujua kama ameshakula, humuuliza mama yake, ilhali mwenyewe yupo hapo hapo anasikia. Watoto wa jirani wanaomwamkia kaka yake shikamoo humpita yeye kimya.

Swali linalozigawa familia, walimu na wataalamu ni hili: mtu wa namna hii atarajiwe kufanya, kuvaa, kujifunza na kuamua mambo ya umri aliozaliwa nao, au ya kiwango ambacho akili yake imefikia? Jibu linagusa elimu yake, usalama wa mwili wake, kura yake, na mahali atakapoishi wazazi wakishafariki.

Ulemavu wa ukuaji ni jina la jumla la hali zinazoanza kabla ya mtu kuwa mtu mzima na kuathiri kujifunza, kusema, kujongea au kuhusiana na wengine. Humo mna ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo na hali ya Down. Hali hizi hutofautiana sana. Yupo mwenye mtindio wa ubongo ambaye hatembei wala kusema vizuri lakini akili yake ni nzima kabisa, naye pia huishia kusemeshwa kama mtoto mchanga.

Kipimo kilichotoka Paris

Mazoea ya kusema kwamba mtu mzima "ana akili ya mtoto wa miaka sita" yana historia. Mwaka 1905 mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet, akishirikiana na daktari Théodore Simon, alitengeneza mtihani wa kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Mwaka 1908 maswali yalipangwa upya kwa kufuata umri: haya huwezwa na watoto wengi wa miaka 6, haya na wa miaka 7, na kuendelea. Mtoto wa miaka 10 aliyekwama kwenye maswali ya miaka 7 akahesabiwa kuwa na umri wa akili wa miaka 7.

Ndani ya darasa kipimo hicho kilikuwa na kazi yake. Matatizo yalianza kilipotolewa darasani na kubandikwa kwa watu wazima kama maelezo ya utu wao wote. Mwanamke wa miaka 30 anayepata alama za mtoto wa miaka 6 ana mwili wa miaka 30, hedhi ya kila mwezi, na kumbukumbu ya misiba na harusi za miaka 30. Huenda anajua kuchambua mchele, kufua na kumbeba mpwa wake mgongoni, na anajua ni jirani yupi ana roho nzuri na yupi hana. Wakati huo huo huenda hajui chenji ya shilingi 10,000. Hakuna mtoto wa miaka 6 aliye hivyo.

> Mwanamke wa miaka 30 anayepata alama za mtoto wa miaka 6 ana kumbukumbu ya misiba na harusi za miaka 30.

Wataalamu wenyewe wamekuwa wakikiacha kipimo hicho hatua kwa hatua. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa na matatizo ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, hupanga uzito wa ulemavu wa akili kwa kuangalia mtu anavyoyamudu maisha ya kila siku, na alama za mtihani si kigezo kikuu tena. Anayepimwa huulizwa: unajitunzaje, unaelewanaje na watu, unahitaji msaada kiasi gani na katika mambo yapi? Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida, na mara nyingine katika vyumba vya madaktari, kauli ya "akili ya mtoto" ingali inatolewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa.

Nchi za Skandinavia zafungua njia

Hadi katikati ya karne ya 20, Ulaya na Marekani ziliwaweka watu wengi wenye ulemavu wa akili katika taasisi kubwa zilizokuwa mbali na miji. Humo mtu wa miaka 40 alilazwa saa za watoto, alivishwa nguo za pamoja na kuchaguliwa kila kitu. Denmark ilianza kubadilika kwa sheria ya mwaka 1959, ambayo Niels Erik Bank-Mikkelsen alikuwa nguzo yake: watu hawa waishi maisha yaliyo karibu iwezekanavyo na ya wenzao.

Mswidi Bengt Nirje aliliandika wazo hilo kwa ufafanuzi mwaka 1969. Alitaja mdundo wa siku, wa wiki na wa mwaka, kisha akataja mzunguko wa maisha: utoto uwe utoto, ujana uwe na mambo ya ujana, mtu mzima apate kazi na kutoka nyumbani kwa wazazi, na mzee azeeke mahali anapopafahamu. Alitaja pia kuishi katika dunia yenye wanaume na wanawake pamoja, jambo ambalo taasisi za zama zile zililikwepa kwa kuta.

Wolf Wolfensberger, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani na Kanada, alilipeleka mbele zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1972. Alionyesha kuwa jamii huwapachika watu wenye ulemavu sura zinazowashusha, na mojawapo ni ile ya mtoto asiyekua milele. Sura hiyo ni ngumu kuikataa kwa sababu huja na upendo. Anayempakata mtu wa miaka 35 na kumwita "katoto kangu" hana chuki. Lakini anayebaki mtoto hapewi funguo za nyumba, hapewi mshahara wala nafasi ya kusema hapana.

Katika shule za mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, Lou Brown na wenzake waliligeuza wazo hilo kuwa mtaala. Katika maandishi yao ya mwaka 1976 na 1979 walitaka kila somo la mwanafunzi mwenye ulemavu mzito lilingane na umri wake wa kuzaliwa na limfae katika maisha yake ya baadaye. Kipimo chao kilikuwa swali moja la kazi: mwanafunzi asipojifunza jambo hili, je, kuna mtu atalazimika kumfanyia? Asipojua kuvaa viatu, mtu atamvisha. Asipojua kuchomeka vijiti vya rangi kwenye ubao wenye matundu, hakuna mtu duniani atakayemchomekea. Basi vijiti viwekwe kando, na saa hiyo itumike kujifunza kuvuka barabara, kuoga, kupika uji, kununua mkate.

Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima. Umri humwambia mwalimu ni jambo gani la kufundisha. Uwezo humwambia alifundishe kwa njia gani na kwa msaada kiasi gani. Kijana wa miaka 16 asiyejua kusoma bado anaweza kujifunza kutambua alama ya hatari, jina la kituo cha daladala na noti za fedha. Hayo ni mambo ya miaka 16, yakifundishwa kwa picha, kwa vitendo na kwa kurudiarudia.

Upande wa pili wasema: msimlazimishe

Kanuni hiyo ilipoenea ilipata wakosoaji, na hoja zao zina uzito. Walimu waliokuwa wameshika umri kwa ukali walianza kupokonya. Mwanamume wa miaka 40 anayetembea na mwanasesere wake kila siku alinyang'anywa kwa kuambiwa kwamba hafai kwa umri wake. Nyimbo za watoto zilipigwa marufuku. Mtu akawa anafundishwa kuonekana mtu mzima kwa ajili ya macho ya wapita njia, huku kitu pekee kilichomtuliza kikifungiwa kabatini.

Huko Hertfordshire, Uingereza, Dave Hewett na Melanie Nind walifundisha katika shule ya hospitali ya Harperbury miaka ya 1980. Wanafunzi wao walikuwa vijana na watu wazima wenye ulemavu mzito sana, wengi bila lugha yoyote ya maneno. Walimu hao waligundua kuwa njia ya kuwafikia ilikuwa ile ya mama na kichanga: kumtazama, kuiga sauti yake, kungoja zamu, kucheka pamoja. Wakosoaji waliwaambia wanawadhalilisha watu wazima. Mwaka 1996 walijibu kwa maandishi kwamba kuna mahali ambapo kushikilia umri hakufai, kwani mtu asiyejua bado kuwa mwenzake yupo hawezi kuanzia kwenye somo la kununua mkate.

Hoja ya Madison na ya Hertfordshire haziuani. Ya kwanza inahusu kile ambacho jamii inamnyima mtu kwa kumdharau. Ya pili inahusu kile ambacho jamii inamlazimisha kwa kumwonea aibu. Katika zote mbili mwenye ulemavu mwenyewe ndiye ambaye hakuulizwa. Mtu wa miaka 40 akipenda katuni, hilo ni pendo lake, na wapo watu wazima wengi wasio na ulemavu wanaokesha wakitazama katuni. Kosa huanza pale katuni inapokuwa kitu pekee alichowahi kuonyeshwa.

> Kosa huanza pale katuni inapokuwa kitu pekee alichowahi kuonyeshwa.

Kenya: mkondo wa umri na mkondo wa hatua

Mvutano huo umeingia katika mtaala wa umilisi wa Kenya. Mfumo wa mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa mwaka 2017 una njia mbili. Ya kwanza hufuata umri, ambapo mwanafunzi husonga darasa kwa darasa. Ya pili hufuata hatua, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawawezi kufuata mtaala wa kawaida: wanaanza ngazi ya msingi, wanakwenda ya kati, kisha matayarisho ya ufundi, na mwisho stadi za ufundi.

Faida yake ni kubwa. Mwanafunzi haburutwi kwenye mitihani isiyo na maana kwake, na wazazi wanaona kwamba njia ya mwanao inaelekea kwenye kazi. Hatari yake ni mtu kunasa. Pasipo kikomo kinachofuata umri, kijana anaweza kukaa ngazi ya kwanza hadi ndevu zikaota, kwa kuwa hajamaliza orodha ya stadi za utotoni. Shule yenye busara humsogeza kwenye kazi za mikono anapofikia miaka 14 au 15, hata kama hajui kuhesabu hadi 20, na kuendelea kumfundisha hesabu humo humo kwenye kazi: mayai kwenye trei, vifungo kwenye shati, miche kwenye tuta.

Tanzania hupokea wanafunzi hawa katika shule maalumu na vitengo, na walimu wao wengi wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Penye vifaa hufundishwa ushonaji, bustani, mapishi na ufugaji wa kuku. Pasipo vifaa, kijana husubiri tu siku ya kurudishwa nyumbani.

Mwili haungoji

Hakuna mahali ambapo kumchukulia mtu mzima kama mtoto humdhuru zaidi ya hapa. Balehe huja kwa wakati wake bila kujali alama za mtihani. Msichana mwenye ulemavu wa akili huanza hedhi katika umri ule ule wa wenzake kwa kawaida, na akiwa hajaandaliwa, damu ya kwanza humtia hofu kuu. Mvulana hupata matamanio ambayo hakuna aliyempa jina lake.

Mtoto wa miaka 5 anayemkumbatia kila mgeni huchekewa na kusifiwa. Asipofundishwa kupeana mkono, akiwa na miaka 17 atamkumbatia mwanamke asiyemjua kituoni na kupigwa kama mhalifu. Msichana aliyezoeshwa kutii kila mtu mzima, kuvuliwa na kuogeshwa na yeyote aliyepo, hana namna ya kujua kwamba anayofanyiwa na jirani ni uhalifu. Wanaosema "tusimfundishe mambo hayo, yeye ni mtoto" wanamnyang'anya kinga.

Mila za pwani na kusini mwa Tanzania zilikuwa na mahali pa kufundishia mambo haya: jando na unyago. Zipo familia zilizomwingiza mwanao mwenye ulemavu pamoja na rika lake, na somo au kungwi akamfundisha kwa subira usafi wa mwili na mipaka yake. Zipo zilizomficha ndani siku hiyo. Zile za kwanza zilimpa pia kitu ambacho hakuna mtaala unaokitoa, yaani rika.

Sheria ya Kiislamu nayo imetenganisha mambo mawili tangu zamani. Mtu hubeba wajibu wa swala na saumu akiwa amebaleghe na ana akili; moja ya masharti hayo likikosekana, hana dhambi. Kusamehewa wajibu si kukatazwa kushiriki. Kijana wa miaka 20 anayesimama safu moja na baba yake msikitini Ijumaa, akifuata rukuu na sijida bila kujua maneno yote, anafanya jambo la umri wake kwa kadiri ya uwezo wake.

Haki ya kuhatarisha

Wazazi wanaozuia hawazuii kwa ubaya. Wanaogopa magari, matapeli na wabakaji, na hofu hizo zina msingi. Lakini Mmarekani Robert Perske aliandika mwaka 1972 kwamba kumkinga mtu na kila hatari ni kumvunjia heshima, kwa kuwa wanadamu wote hukua kwa kujaribu na kukosea. Kinachohitajika ni hatari iliyopimwa. Kijana aende dukani na dada yake, kisha dada asimame mlangoni, kisha asimame kona ya mtaa, kisha abaki nyumbani na simu. Akipoteza shilingi 500 njiani, amelipa ada ndogo.

Mahakama pia zimelazimika kuamua. Mwaka 2013 mahakama ya Newport News, jimbo la Virginia, ilisikiliza shauri la Jenny Hatch, mwanamke wa miaka 29 mwenye hali ya Down. Alikuwa akifanya kazi katika duka la mitumba na kutaka kuishi na marafiki zake wenye duka hilo, huku mama yake akiomba awekwe chini ya uangalizi wa kisheria. Mahakama iliheshimu chaguo lake: marafiki hao wawe waangalizi kwa mwaka mmoja tu, na katika muda huo wamsaidie afikie kuamua mambo yake mwenyewe akiwa na watu wa kumshauri.

Msimamo huo unalingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na serikali ziwape msaada wa kuutumia. Sheria za ndani hazijaufikia mkataba huo. Ibara ya 83 ya Katiba ya Kenya bado humwondoa kwenye daftari la wapiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania huliruhusu Bunge kumzuia kupiga kura mwenye ugonjwa wa akili. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, lakini wengi vituoni hawatofautishi.

Kuhusu ajira, sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, ila kijana aliyefundishwa kupaka rangi bata hadi miaka 18 hana cha kupeleka kwa mwajiri huyo.

Wanazeeka sasa

Nchini Marekani, mtu mwenye hali ya Down mwaka 1983 aliishi wastani wa miaka 25 hivi. Leo wastani ni karibu miaka 60. Upasuaji wa moyo umechangia sana, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye hali hiyo huzaliwa na kasoro ya moyo. Nako kufungwa kwa taasisi kubwa kumechangia. Afrika Mashariki upasuaji huo bado hauwafikii wote, lakini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam huwafanyia watoto upasuaji ambao zamani ulifuatwa India.

Maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi watafika utu uzima, na wazazi wengi watatangulia kufa. Aliyelelewa kama mtoto wa milele hurithiwa kama mzigo, akizungushwa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa kaka. Anayejua kupika, kufua na kupanda daladala hupokelewa kama mtu wa nyumba.

Uzee una matarajio yake pia. Wenye hali ya Down hupata mabadiliko ya ubongo ya ugonjwa wa Alzheimer mapema, mara nyingi kuanzia miaka ya 40. Mtu wa miaka 48 aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe akianza kupotea njia, asikaripiwe kwa kuwa mvivu. Apelekwe hospitali, na kazi zake zipunguzwe kama za mzee yeyote.

Michezo imetoa mfano mzuri wa kupanga yote haya. Special Olympics, iliyoanza Chicago mwaka 1968, huwagawa wanariadha kwa jinsia na umri wa kuzaliwa, hadi kundi la miaka 30 na zaidi, na ndani ya kila kundi huwapanga kwa uwezo. Mkimbiaji wa miaka 33 hushindana na watu wazima wenzake wanaolingana naye kwa mwendo.

Shule zinaweza kufuata mpango huo bila kusubiri fedha za wafadhili: madarasa ya vitengo yagawanywe kwa umri kwanza, na walio na miaka 14 na kuendelea wahamishiwe kwenye kazi na maisha ya mtaani. Wizara iweke mahali pa kwenda baada ya kitengo. Na mzazi ambaye mwanawe ametimiza miaka 18 na bado hana kitambulisho cha taifa aanze na hilo wiki hii: amtangulize mwenyewe kwenye foleni, na afisa akiuliza jina, amwache mwanawe ajibu.